Friza ya Nafula na Shahada Yangu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimefanya hesabu mara tatu. Deni la shahada yangu ya masomo ya Biblia: shilingi tisini na sita elfu. Mapato ya shahada hiyo, nikitoa nauli na rangi ya viatu: elfu tatu kwa mwaka. Sala ya mazishi ni mia tano na soda. Harusini hawaniiti tena tangu nilipofafanua Kigiriki mpaka keki ikaanguka upande mmoja. Nitamaliza kulipa nikiwa na miaka sabini na sita. Inawezekana. Baba ana themanini na bado anaendesha baiskeli.

Lakini chama cha akina mama wauza samaki hakitaki kungoja. Ndicho kilichonikopesha karo, na dhamana ni friza ya mke wangu, Nafula. Mwenyekiti wao, Mama Anyait, alipita leo. Alisema elfu ishirini zifike kabla ya Jumamosi, la sivyo watakuja kuibeba. Alisema hayo huku akinywa chai yangu!

Mgeni alipoondoka, Nafula aliniuliza samaki anaowanunua ufuoni Osieko atawaweka wapi, ndani ya joho langu la mahafali? Friza hiyo ndiyo inayolisha watoto. Cheti, alisema, hakigandishi samaki.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata njia! Foleni ya malori Malaba. Madereva wanakaa siku mbili au tatu wakingoja kuvuka kwenda Uganda, hawana la kufanya. Nitawaombea. Shilingi hamsini kwa kila tairi. Trela lina matairi ishirini na mawili, yaani elfu moja na mia moja. Malori kumi na tisa, deni la Jumamosi limekwisha. Tairi la akiba nitaliombea bure.

Nafula aliuliza kama nimemsahau Robinson, anayewaombea madereva huko huko. Sijamsahau. Robinson aliacha shule darasa la saba na hajui hata herufi moja ya Kigiriki. Ana kipaza sauti na pikipiki tu. Madereva watajua tofauti.

Jumatano, 4 Juni

Nilifika Malaba saa mbili asubuhi. Nilivaa joho.

Robinson alikuwa kazini tayari. Anapita kando ya foleni, anaomba nusu dakika, anapokea noti dirishani, anasonga. Wanamwita askofu! Alinipungia mkono na kuniuliza, mbele ya watu, kama nimekuja kuhitimu tena.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Japheth, dereva wa trela la saruji. Amengoja siku mbili. Alilipa zote, elfu moja na mia moja. Nilimwomba ashuke, avue kofia na afumbe macho, kwa maana sala ya ndani ya gari haina heshima. Nilianza na uumbaji, ili msingi uwe imara. Waisraeli walipofika baharini nilisikia honi nyingi. Nilidhani ni shangwe.

Foleni ilikuwa imesonga. Malori thelathini na moja yalipita pembeni na kuingia mbele yetu. Niliyahesabu yakipita, baada ya amina.

Japheth alisema Waisraeli wamevuka wote, yeye ndiye amebaki Misri. Alirudishiwa pesa zake. Alichukua pia joho langu, eti fidia ya siku moja zaidi. Nilipogeuka nilimwona akifuta nalo kioo cha mbele.

Robinson alinibeba bure hadi kituo cha matatu. Njiani alinishauri: Mwalimu, dereva hataki kozi, anataka amina. Wivu mtupu.

Alhamisi, 5 Juni

Sikutoka. Nafula alikwenda kwa Mama Anyait, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa mtulivu. Bila shaka anaitegemea akili yangu.

Ninayo njia. Chama hicho hakifanyi jambo lolote bila sala ya kufungua, hata kubeba mali ya mdaiwa. Pikapu yao ni ya kukodi na lazima irudi saa sita mchana. Nitajitolea kufungua. Nitaomba mpaka saa sita.

Jumamosi, 7 Juni

Walifika saa nne, wanawake tisa. Nilijitolea. Mama Anyait alisema ni vyema, Mwalimu, jisikie huru. Nilifumba macho nikaanza na uumbaji. Safari hii sikusikia honi hata moja. Nafula alinihimiza kwa upole: Baba Trizah, endelea, usiache.

Nilifika kwa wafalme nikafumbua macho. Saa sita na dakika tano. Ushindi!

Sebule ilikuwa tupu. Mahali pa friza palikuwa na alama ya mraba na omena mmoja.

Friza iko katika kibanda cha Mama Anyait sokoni. Nafula atauzia samaki wake hapo, na chama kitakata deni kidogo kidogo kutoka mauzo yake. Walipatana Alhamisi. Yeye mwenyewe alishika pembe moja wakati wa kubeba. Alinishukuru kwa sala. Alisema ni mara ya kwanza tangu tuoane kuhamisha kitu bila mimi kusimama njiani.

Jumapili, 8 Juni

Nimechunguza kosa. Si kwamba nilisoma sana. Nilisoma kidogo! Shahada ya kwanza hufundisha namna ya kuanza sala. Ya uzamili ina somo zima la kumalizia. Miaka miwili tu.

Chama cha waendesha bodaboda kinakopesha karo, na mtunza hazina wao ni Robinson. Anataka dhamana. Nafula ana kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Nimelipima. Linapita mlangoni bila shida.