Vinara vya Fedha vya Shangazi

Jumatatu, 3 Juni
Shangazi katugawia vinara vya fedha, kimoja mimi, kimoja Binamu, tuving'arishe kabla ya Jumapili. Wanakuja wakwe, wazazi wa kijana anayemchumbia mjukuu wake. Vinara hivyo babu yake Shangazi alipewa na tajiri aliyemtumikia, zawadi ya uaminifu. Hadithi hiyo tumenyonya na maziwa. Atakayeng'arisha vizuri zaidi atarithi vyote viwili. Binamu ni seremala, viganja kama msasa. Hana lake!

Jumatano, 5 Juni
Nimesugua kwa dawa ya meno mpaka mswaki umeota kipara. Mara kitako kikachomoka. Moyo paa! Kumbe ni kifuniko cha skrubu. Ndani mna kipande cha gazeti la zamani, kimechanwa katikati. Jina la babu, halafu: "ndiye aliyekuwa kinara..." Basi, pamekatika. Kinara ndani ya kinara! Kumbe mzee alikuwa kiongozi, na sisi tulidhani alikuwa akipangusa meza tu. Jumapili nitasoma mbele ya wakwe. Shangazi atalia kwa furaha.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepita karakana kwa Binamu. Kinara chake kinang'aa kuliko changu, mshenzi yule. Nikamuuliza kama naye kakuta karatasi. Akaendelea kupiga randa ubao ambao ulishanyooka. Mwishowe akasema ile yangu niichome. Niichome! Wivu mtupu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 9 Juni
Ardhi ipasuke inimeze.
Baada ya chakula nilisimama, nikagonga glasi, nikasoma. Makofi! Mama wa kijana akauliza, kinara wa nini? Nikasema nusu ya pili anaibania Binamu. Binamu akatikisa kichwa, kiganja kikafunika mfuko wa shati. Shangazi akasema yatosha, tunywe chai. Mimi huyo, mkono kwenye mfuko wa shati la Binamu, nikaichomoa, nikasoma kwa sauti ya mnadani: "...wa genge lililoiba fedha nyumbani kwa tajiri wake."
Baba wa kijana akavitazama vinara. Wote tukavitazama. Nikasema labda fedha hiyo ilikuwa ya noti. Hakuna aliyecheka.
Shangazi hakunigombeza, heri angenigombeza. Alisema aliomba ving'arishwe, hakuomba vifunguliwe. Alijua tangu usichana. Hakuwa na moyo wa kuchoma gazeti, maana ndipo mahali pekee jina la babu yake lilipowahi kuchapwa. Akasema alinifundisha kusoma, akasahau kunifundisha kunyamaza. Kisha akaingia chumbani.
Nimelia jikoni. Mama huyu alinivalisha tangu nikiwa yatima wa miaka minne, na leo nimemvua nguo mbele ya wakwe.

Jumanne, 11 Juni
Mjukuu anasema wakwe walicheka njia nzima, uchumba uko palepale. Shangazi tu ndiye hatoki chumbani. Ameagiza Binamu avirudishe vinara kwa wajukuu wa yule tajiri. Nimempigia Binamu magoti anichukue, nikaombe radhi mwenyewe. Kakubali, sharti nisifungue mdomo. Nimeapa.
Sili, silali. Sitarudia tena, sitarudia!
Nimeandaa maneno machache tu, kurasa nne: kwamba babu aliwaona wezi wanakuja, akawahi kuvificha vinara awatunzie wenyewe, na yule wa gazetini ni mtu mwingine wa jina hilohilo. Nitawaomba waniandikie barua ya shukrani, nije niisome kwa sauti mlangoni kwa Shangazi. Atafungua tu.