Kuhusu Kipande Changu cha Chuma na Mwanga Unaodaiwa Kupita

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Pokea salamu za mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, uanagenzi wa ufundi mitambo, yule mwenye mvi. Kama mvi hazikukumbushi, mimi ndiye niliyedhaniwa, siku ya kujiandikisha, kwamba nimekuja kuomba kazi ya ulinzi. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa shule niliiacha mapema kwa kuwa nilikuwa nimeshaelewa.

Kwanza umjue anayezungumza nawe. Mimi ni fundi wa milango na mageti ya chuma tangu ujana. Mtaani kwetu hakuna geti linalolia nisiloijua sauti yake. Mjukuu wangu alipochaguliwa kujiunga na chuo chako, nilisema mezani, mbele ya familia nzima, kwamba hao walimu ningeweza kuwafundisha mimi. Mama watoto akajibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Basi nenda kaandikishwe, mume wangu, tukuone." Nikaenda. Mimi nikishasema kitu sirudi nyuma, hata nyuma kukiwa ndiko kwenye njia.

Sasa Ijumaa ni mtihani. Kila mwanagenzi ataleta kipande cha chuma alichokisugua kwa tupa mpaka pande zote zimenyooka na pembe zote zimekaa sawa. Atakayeshindwa hatapelekwa kiwandani na wenzake muhula ujao. Mjukuu wangu ataenda. Mimi, kwa hali ilivyo, nitabaki karakana nikifagia vumbi la chuma, na nyumbani nitakula nimeinamisha kichwa. Ndiyo sababu ya malalamiko haya, ambayo nimeyapa namba yasije yakagombana.

1. Skwea ya chuo. Mwalimu wetu wa karakana, binti mwenye heshima zake, hukichukua kipande changu, hukiwekea ile pembe ya chuma ya kupimia, hukiinua dirishani, hufumba jicho moja na kusema, "Mzee wangu, mwanga unapita hapa." Mheshimiwa, kazi ya mwanga ni kupita. Nikikipima kwa skwea yangu niliyotoka nayo nyumbani, haupiti hata kidogo. Skwea hiyo nimefanya nayo kazi maisha yangu yote. Nimepimia, nimefungulia makopo ya rangi, nimegongea misumari, nimezuilia mlango usipigwe na upepo. Chombo kilichopitia hayo yote kina uzoefu kuliko mwalimu.

2. Kupungua kwa mali. Ili kumridhisha, huwa nasugua upande anaoulalamikia. Ukishapona huo, anaona kasoro kwa jirani yake. Kipande cha kwanza kilianza kikiwa kama mche wa sabuni mpya, kikaishia kama kile kisabuni kinachobaki bafuni, ambacho watu husukumiana nani akitupe. Sasa niko kwenye cha tatu. Mtunza stoo akiniona naingia ananitazama kama mgeni anayerudisha sahani aongezewe kabla wenyeji hawajapakuliwa.

3. Kuitwa Babu. Nimewekwa kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania chuma mezani, iliyo jirani na ya mjukuu wangu. Yeye ana haki ya kuniita hivyo. Lakini sasa karakana nzima inaniita Babu, na hata mlinzi wa getini, ambaye meno yake na yangu yanaaga pamoja. Juzi mjukuu kanichungulia akasema, "Babu, ukiendelea hivyo Ijumaa utaleta kijiwe cha kiberiti." Wakacheka. Nilicheka pia, lakini kwa shingo upande.

4. Kudhalilisha vyombo vya watu. Mwalimu alitufundisha kuijaribu skwea kabla ya kuiamini. Uchore mstari, uigeuze skwea, uchore tena palepale. Mistari ikiachana, skwea ni mbovu. Wote wakajaribu za kwao. Mimi nilikataa. Mtu huwezi kukaa na mke miaka yote hiyo, halafu siku moja ukampima.

5. Ushahidi. Mlango wa mbele wa nyumba yangu niliutengeneza kwa skwea hii. Unafunga vizuri kabisa, ilimradi uunyanyue kwa goti. Mteja mmoja aliwahi kulalamika geti lake linaburuza chini, nikamweleza kuwa ardhi yake imevimba. Mwingine dirisha lilimkatalia, tukakuta ukuta ndio uliopinda. Kwa kweli kuta zote za mtaa wetu zimepinda, na waashi nimekwisha kuwasema sana.

6. Hili nalileta kwa masikitiko. Baada ya kuona hayo, niliichukua skwea yangu nikapima kona za karakana. Zimepinda. Nikapima meza ya michoro, imepinda. Siku ile uliponiita ofisini kunionya kuhusu miwani ya kinga, ulipogeuka kupokea simu nilipima na meza yako. Samahani, nayo imepinda.

Kwa hiyo naomba skwea zote za chuo ziondolewe, yangu itunzwe ofisini kwako iwe ndiyo kipimo, mimi niwekwe kuwa msahihishaji wa mtihani wa Ijumaa, na majengo yabomolewe taratibu, kuanzia karakana, yajengwe upya mimi nikiwepo.

Nisalimie mwalimu wa karakana, mtunza stoo, na mlinzi mwenye meno yake yaliyobaki. Mama watoto anakusalimu, anasema pole.

Ni mimi, mwanagenzi wako mtiifu,
Fundi Mageti

Baada ya kuandika: Ili kumfunga mwalimu mdomo, nimefanya lile jaribio lake nyuma ya karatasi hii. Ukiigeuza utaona mistari miwili inayoanza pamoja chini, na juu kidole kinapita katikati. Nililaumu penseli, kisha meza, kisha mjukuu wangu aliyekuwa ameshika taa. Hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Mama watoto aliinuka, akaenda akautazama mlango wa mbele kwa muda mrefu, akarudi akakaa.

Barua ningeichana, lakini kuandika kwangu ni kuzito kuliko tupa. Basi isomwe namba tatu tu, ile ya kuitwa Babu, mengine uyaache. Naomba kipande cha nne na kuazimwa skwea ya chuo. Nitasugua mpaka Ijumaa, na mwanga ukipita nitaukubali. Majengo yasiguswe. Na yule mteja wa geti asiambiwe lolote. Nitakwenda mwenyewe kulitengeneza, nikimweleza kwamba ardhi yake imepungua uvimbe.