Siku Mgeni Aliposema Yeye ni Mushi

Sogeeni, enyi watu wa Kibaha na Kisarawe! Zilazeni simu zenu kifudifudi, zimeni hata data, na wewe uliyejificha nyuma ukijifanya unajibu kundi la familia, nakuona! Vipo vita vilivyopiganwa miaka saba vikasahaulika kwa wiki moja. Hivi vilipiganwa kwa muda wa kuchemsha chai, katika uwanja mpana kiasi cha tundu la sikio, na mpaka leo watu wakivikumbuka hushika mbavu.

Palikuwa na Sada binti Saburi, mshona sare wa Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha, Mwenye Simu ya Kioo Kilichopasuka, Mshindi wa Zipu Zilizogoma. Shujaa huyu aliacha shule kidato cha pili, wala si kwa kupenda, na tangu hapo kila alichofundishwa alifundishwa ili atumwe. Ikawa siku moja anapiga pasi kola, ikamtokea video ya nusu dakika: binti wa Kijapani mwenye kofia ya pinki kashika pua yake, anasema, "Hana." Sada akacheka. Pua ile pale, halafu hana! Binti akashika sikio, akasema, "Mimi." Hapo Sada alicheka mpaka kola ikaungua. Kesho yake akatazama tena, na keshokutwa, na kwa miezi minne hakuruka siku, akajifunza viungo vya mwili, wadudu, mboga, na namna ya kumtuliza mtu. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake alichokichagua mwenyewe, na alikipenda sana.

Lakini ole wake ugali! Uliungua siku ya somo la namba, ukaungua siku ya rangi, na mara ya tatu ukaungua mbele ya mama mkwe, Bi Ashura wa Kisarawe, Mlinzi wa Masufuria, ambaye kwa miaka arobaini hajaunguza hata maharage. Bi Ashura akainuka, akaushika mwiko, akanena:

"Mwanangu Sada! Miezi minne unazungumza na simu, na mume wako anakula makaa. Sasa nisikilize. Jumamosi nina mgeni, Mjapani wa mradi wa mihogo. Njoo. Lugha yako hiyo ikimfaa binadamu hata mmoja, nitafunga mdomo. Isipomfaa, video zote unazifuta mbele yangu, na unaapa hutarudi huko."

"Nimekubali, mama," akajibu Sada.

Ikafika Jumamosi. Sada na mumewe Hamidu wakatua Kisarawe, wakamkuta Bwana Morita ameketi kwenye mkeka, mtu mpole mwenye kofia pana, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na "mhogo mzuri", na mengine yote alimwachia mkalimani wake, Eliya. Sada akavuta pumzi. Akasonga mbele, akainama, akamsalimu, "Konichiwa!"

Uso wa mgeni ukachanua, akajibu. Lo, alivyojibu! Yalimtoka maneno kama mahindi yanayomiminwa debeni. Binti wa kofia ya pinki hutamka neno moja na kulirudia mara tatu; huyu hakurudia hata moja. Sada hakuambulia kitu.

"Kasemaje?" akauliza Bi Ashura.

"Kasema... kafurahi, mama."

"Hilo hata mimi nimeliona, meno yote nje." Akaenda zake jikoni kutazama pilau, shingo imenyooka kwa ushindi. Sada alitamani ardhi immeze. Alimpenda yule binti wa kofia, na sasa angemfuta kwa kidole chake mwenyewe.

Eliya akaondoka na gari kwenda kuziba pancha. Morita akaingia shambani kukagua mihogo, akipenya chini ya majani. Haukupita muda, ukasikika ukelele uliowatawanya kuku wote.

Morita alitoka shambani mbio, kofia hana, kakumbatia kichwa kwa mikono miwili, anaruka kwa mguu mmoja huku akilia:

"Mimi ni mushi! Mimi ni mushi!"

Kila mtu akageuka kumtazama Gregori Mushi, Bwana wa Mizani, Mchaga mwenye duka la jirani, aliyekuja kwa ajili ya pilau tu. Kikombe kilimganda mkononi.

"Kasema yeye nani?"

"Kasema yeye ni Mushi."

"Jamani, Mushi ni mimi! Huyu Mushi wa wapi?"

Bi Ashura akaiacha pilau motoni. Alikwishaona watu waliopandwa na majini, na dalili zote alizijua. "Leteni chetezo!" akaamuru. Moshi wa ubani ukapaa, naye akasimama katikati yake na kuhutubu: "Ewe uliyempanda mgeni wangu bila hata kupiga hodi! Nakuuliza mbele ya kadamnasi hii: wewe nani?"

"Nani?" akasema Morita, akihema.

"Ndiyo, nani?"

"Mimi ni mushi!"

"Jini Mchaga hilo," akanong'ona Hamidu.

"Mimi sijamtuma mtu!" akapiga kelele Gregori, akirudi nyuma. "Muulizeni vizuri!"

Hapo ndipo katika kichwa cha Sada kofia ya pinki ilipochomoza. Mimi: sikio. Mushi: mdudu. Na ile "ni" ya katikati haikuwa "ni" yetu, ilikuwa ya lile somo la paka aliyelala ndani ya sufuria, ya kusema kitu kiko mahali fulani. Moyo ukampiga. Akaruka akasimama, akapaza sauti:

"Mama! Mimi ni sikio!"

Bi Ashura akamgeukia taratibu na chetezo chake. "Masikini. Na huyu naye kapandwa."

"Sijapandwa, mama! Mimi ni sikio, na mushi ni mdudu!"

"Mdudu nani?" akafoka Gregori.

Sada hakungoja. Akaupasua moshi kama jemadari, akamshika Morita mkono, akamwonyesha sikio lake mwenyewe. "Mimi? Mushi?"

"Hai!" akalia Morita. "Hai! Hai!"

"Yu hai bado!" akatangaza Hamidu. Sada alijua kwamba hai yao ni ndiyo, lakini kwa mdudu yule ilikuwa kweli vilevile, akaona amwache mumewe.

"Mama, mafuta ya nazi! Vuguvugu, kijiko kimoja, upesi!"

Enyi wasikilizaji, mkwe alimwamuru mama mkwe mbele za watu, na mama mkwe akakimbia. Morita akalazwa ubavu. Sada akayajaribu mafuta kwenye kiganja, akadondosha tone, tone, tone, akimwambia, "Daijobu, daijobu," yaani usijali. Mara yule adui akaibuka, akielea: sisimizi mmoja mweusi, mdogo kuliko punje ya ufuta.

Morita akaketi. Akageuza kichwa huku, akageuza huku. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema polepole, neno kwa neno:

"Sada-san. Arigato gozaimasu."

Sada alielewa yote. Yote! Machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

"Kasemaje?" akauliza Bi Ashura kwa sauti ndogo.

"Kasema ahsante sana, mama."

Bi Ashura akakunja miguu, akaketi karibu na Sada. "Hebu lete simu. Nimwone huyo binti wa kofia."

Wakainamia kile kioo kilichopasuka, vichwa vikigusana. Bi Ashura akashika pua yake, akasema, "Hana." Akashika sikio, akasema, "Mimi." Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka, akataka irudiwe, ikarudiwa mara sita, na hakuna aliyenusa kitu mpaka moshi wa jikoni ulipoushinda ule wa ubani.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasimuliwe: pilau ya Bi Ashura wa Kisarawe iliungua Jumamosi ile kwa ajili ya video ya nusu dakika, ikaliwa yote mpaka ukoko, Gregori Mushi akaongezewa sahani, na hakuna mtu aliyeshtakiwa.