Nilivyoiokoa Ruzuku ya Ngano

Jumatatu, 22 Julai

Habari kubwa! Ijumaa anakuja Mheshimiwa Whitcomb, mbunge wa kamati ya bajeti kule Washington. Anataka kujionea kama fedha ambazo serikali ya shirikisho inamwaga kwenye kituo chetu cha utafiti wa ngano zinafanya kazi, au zinapeperushwa tu na upepo wa Montana.

Nimejiteua mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Kamati ina mtu mmoja. Hakuna aliyepinga.

Si mchezo lakini. Binti yetu Ingrid anasomea udaktari wa mimea chuo kikuu cha jimbo, na ada yake na posho yake vyote vinatoka kwenye ruzuku hiyo; majaribio yake anayafanya hapahapa kituoni. Wa kwanza katika ukoo wa Stensrud kusoma kitu kisichokuwa mwongozo wa trekta! Ruzuku ikikatwa, anarudi nyumbani bila kumaliza. Mke wangu Bernice anapika tu, hataki hata kulizungumzia.

Jirani Duane Kolstad anatangaza mjini kwamba yeye ndiye atakayempokea mgeni. Eti kwa sababu karakana yake ndiyo inayotengeneza mashine za kupandia za kituo, na sasa anaziuza mpaka Kansas. Ameajiri nusu ya vijana waliokuwa karibu kuhama. Basi anatembea kama yeye ndiye aliyegundua chuma. Tutaona.

Jumatano, 24 Julai

Nimefanyia hotuba mazoezi mbele ya ng'ombe. Wamesikiliza vizuri. Mmoja aliondoka katikati, lakini huyo hana adabu siku zote.

Nikaenda kukagua kituo. Aibu! Vitalu vya ngano nzuri, imesimama wima, rangi ya dhahabu. Na katikati yake, vitalu vya ngano iliyolala chini kama walevi baada ya harusi! Nikamuuliza Ingrid hicho ni kitu gani. Alikuwa anakimbilia mizani. Akanijibu bila kugeuka, "Hiyo ni makusudi, Baba. Usiiguse, nakuomba."

Makusudi! Watoto wa siku hizi hawajui hata kusingizia mvua.

Duane alikuwa hapo anafunga nati. Akacheka, akasema, "Mbona inafanana na shamba lako, Orville?"

Ni kweli ngano yangu imelala. Ni nyigu mdogo wa ngano, anataga ndani ya bua, funza wake analikata kwa chini kama msumeno. Dakta Fiske, mkuu wa kituo, ana mbegu yenye bua lililojaa ndani, lisilo na uwazi, funza hapenyi. Amenibembeleza miaka kadhaa niipande. Ningeipanda. Lakini Duane alikubali kabla yangu. Sasa mimi nimfuate Duane? Mimi?

Alhamisi, 25 Julai

Nimepata wazo. Wazo safi kabisa.

Jioni watu wote wa kituo wamealikwa kanisani kula lefse, zile chapati za viazi, na nyama. Nikamwambia Bernice tumbo linanisokota. Nikapakia mashine ya kukatia majani kwenye pikapu, nikaenda. Vitalu vyote vibaya nimevifyeka! Nikakwangua, nikasawazisha. Palikuwa peupe mno, kwa hiyo nikapanga vyungu vya maua vya Bernice, vile vyekundu.

Kituo sasa kinapendeza kama ukumbi wa harusi. Nilisimama pale nikikiangalia. Kimoyomoyo nilijipigia makofi.

Ijumaa, 26 Julai

Asubuhi. Ingrid amepiga ukelele uliofika mjini. Dakta Fiske ameketi juu ya ndoo.

Kumbe vile vitalu vilikuwa vya mbegu ya zamani, vimepandwa ili kulinganisha! Vipimo walishachukua jana mchana, ashukuriwe Mungu, lakini mgeni alitakiwa kuona kwa macho. Ingrid akauliza ni nani aliyefanya haya. Nikatazama mawingu. Kisha Bernice akafika na pai zake, akauliza kwa sauti kubwa maua yake yanafanya nini hapa.

"Baba!" Neno moja tu. Lilinichoma hadi kwenye soli.

Kabla sijafungua mdomo, Mheshimiwa akateremka garini. Akaitazama ngano. Akasema ni nzuri sana, ila, "Nitajuaje kwamba isingestawi hivi hata bila fedha zetu?"

Hata hotuba yangu ilinipotea.

Ndipo Ingrid akavuta pumzi. "Mheshimiwa, naomba tuvuke barabara."

Nikaelewa anakoelekea. Nikatamani ardhi inimeze.

Akamsimamisha kwenye uzio. Kushoto, shamba la Duane: mbegu mpya, mabua kama askari kwenye gwaride. Kulia, langu: godoro. Udongo uleule, mvua ileile. Akachuma bua langu, akalipasua kwa ukucha. Funza akatokeza, amenona, ametulia kama mpangaji. Akachuma la Duane, limejaa, hata ukucha haukuingia. Akaeleza yote, nyigu, mbegu, miaka ya kazi, bila kigugumizi. Mheshimiwa hakupepesa macho.

Mgeni akauliza hili bovu ni la nani.

"La baba yangu," akasema Ingrid. Kisha akaongeza, "Ndiye aliyenifundisha kupanda."

Nilikohoa. Vumbi.

Duane naye akaongea: karakana, vijana wake, kinu cha unga kilichofunguliwa tena, shule iliyopata walimu kwa kuwa familia hazihami. Kwa mara ya kwanza sikuona cha kumkatiza. Mheshimiwa akanishika mkono, akasema, "Pole sana, mzee." Nikamwambia karibu tena.

Jumapili, 28 Julai

Iko gazetini! Mheshimiwa ataipigania ruzuku. Amesema hajawahi kuona ushahidi ulio wazi kama shamba lile lililolala. Shamba LANGU! Bernice amesoma kwa sauti, akalia. Ingrid atamaliza masomo. Kanisani nilimtambulisha kwa kila mtu kama Dakta Stensrud, hata kwa mchungaji aliyembatiza. Alinikanyaga mguu, lakini alikuwa anacheka.

Dakta Fiske ameniletea gunia la mbegu mpya. Nimelikataa kwa heshima. Nchi inahitaji mtu wa kulinganishiwa. Ngano nzuri ya Duane nani ataikumbuka?

Nimesikia pia kituo cha utafiti wa nyuki, wilaya ya jirani, kinatarajia wageni wiki ijayo. Na wanasema baadhi ya mizinga imeachwa mitupu, eti makusudi. Mitupu! Mbele ya wageni!

Kesho asubuhi naenda kuijaza.