Kibao cha Bingwa wa Barafu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejua mimi ni nani. Mashine ya barafu ya hoteli, ile ya jikoni iliyowashinda mafundi wengine, imesalimu amri. Chokaa ilikuwa imejaa kwenye njia ya maji. Nimeisafisha, nikabadilisha chujio, barafu ikaanza kudondoka. Vipande vinene, safi! Meneja, mama asiyecheka ovyo, ametabasamu. Amesema Jumamosi kuna harusi kubwa hapo. Barafu isipopungua, mashine zote za hoteli nitazihudumia mimi. Na mama mkwe, anayenilinganisha na mwanawe kila nikikaa mezani, atakosa la kusema.

Kabla ya kuondoka nimetundika kibao changu cha bati: BINGWA WA BARAFU, na namba ya simu. Ubavuni pa mashine pana vitundu vingi, waya umeshika vizuri ajabu. Kibao kimekaa utadhani kilizaliwa pale.

Jumatano, 6 Machi

Mpishi amepiga simu. Eti vipande vimekuwa vyembamba na mashine ina joto ukiigusa. Wivu tu! Nimekwenda hata hivyo. Vyembamba kweli. Basi ni gesi. Geji ya kupimia gesi sikuitoa hata mkobani, mkono wangu ndio geji. Nimeongeza gesi, nikakipangusa kibao vumbi.

Meneja ameuliza kama si vizuri kupima kwanza. Nimemjibu kuwa wanaopima ni wale wasiojiamini. Amenitazama kwa muda mrefu. Nadhani ni heshima.

Alhamisi, 7 Machi

Mashine inajizima yenyewe. Inapoa, inawaka, inajizima tena. Nimeongeza gesi. Ikajizima upesi zaidi! Jeuri gani hii?

Mke wangu ameshauri, kwa upole, nimwite kaka yake. Yaani shemeji yangu Brashi! Tunamwita hivyo kwa sababu kila kazi huianza kwa brashi na tochi, anachungulia mashine kama daktari wa meno. Nimesema heri nitafune barafu yote ya hoteli kuliko kumwita. Mke wangu akauliza iko wapi hiyo barafu. Ukweli, nina hofu. Harusi ni keshokutwa.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu kamwita bila kuniambia. Shemeji amekuja na brashi yake, gesi hakuiulizia. Akaizunguka mashine, akasimama ubavuni, akauliza kibao ni cha nani. Nikasema changu, kifua mbele. Akasema, shemeji, hapa ndipo inapovutia hewa, umeiziba pua. Akakata waya. Gesi niliyozidisha akaipunguza, akaihamishia kwenye mtungi mtupu, akawasha. Feni ikavuma, joto likatoka, na baadaye barafu ikadondoka. Vipande vinene.

Mpishi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nimerudi nyumbani na kibao kwapani, na mke wangu, Mungu ambariki, akanipakulia chakula.

Jumapili, 10 Machi

Harusi imepita, barafu ilitosha. Kazi ya hoteli kapewa Brashi. Mama mkwe ametusimulia habari hiyo mezani, akamaliza, akaanza upya.

Lakini shemeji ana moyo mzuri. Kaniachia mashine ya duka la samaki, akanisihi mambo mawili: nipime kwanza, na nisizibe hewa. Nimeitikia kwa adabu zote. Kisha nimekaa peke yangu nikatafakari sana, maana mtu mzima hujifunza. Kosa nimeliona. Kibao kilikuwa kidogo! Kingekuwa kikubwa, nani angethubutu kukikata waya?

Nimeagiza kipya, kinachofunika ubavu mzima. Pa kukifunga nimeshapaona pale dukani, tena mashine hii ina vitundu pande mbili, kwa hiyo nimeagiza viwili. Mtungi wa gesi nimeujaza tayari. Mwenye duka anasema mashine yake haijawahi kumsumbua. Hajanijua bado.