Njoo na Daftari Lako

Jumamosi, 26 Agosti

Leo Bi. Odessa Tillman, meneja mkuu wa Wahunzi, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani hapa Toledo, alikula chakula cha mchana na sisi wafua jezi. Mwanamke yule! Alianza kwa kufua jezi hizi hizi. Akawa mbisha hodi, yule anayewaita wachezaji wanaoachwa. Kisha miaka kumi na moja ya kusaka vipaji, akilala hoteli za barabarani na kula soseji baridi. Akawa mkuu wa wasaka vipaji, na sasa timu nzima iko mikononi mwake. Nimeandika ngazi yake yote na kuibandika kwenye friji ya Mama. Nami nafua. Kwa hiyo nimeshaanza.

Kuna nafasi moja ya msaka vipaji. Mpinzani wangu ni Brent Oglesby wa chumba cha video. Digrii mbili, na viatu visivyojua tope.

Jumapili, 27 Agosti

Bahati! Mzee Gus, mbisha hodi wetu, amepasuliwa goti. Na wiki hii wachezaji tisini wanapunguzwa wabaki hamsini na watatu. Lazima mtu apite vyumbani kuwaita wanaoachwa. Oglesby alikataa, akasema hiyo ni kazi ya bundi. Nikainua mkono kabla hajamaliza.

Maneno ni yale yale tangu enzi za babu zetu: "Bosi anakuita. Njoo na daftari lako." Zamani anayeachwa alirudisha daftari la mbinu za timu; siku hizi mbinu zote ziko kwenye kompyuta, lakini ukisikia daftari, funga begi. Nimefanya mazoezi wakati wa chai. Mama akauliza kama anafukuzwa jikoni kwake.

Jumatatu, 28 Agosti

Milango ishirini kabla ya saa sita. Sauti imekomaa. Lakini Bi. Tillman! Kila anayeachwa anamwita kwa jina la utotoni, anamuuliza hali ya mama yake, anampigia simu za kumtafutia timu papo hapo. Wanaingia wamenuna, wanatoka wakishukuru. Nililia nyuma ya mlango. Nikasingizia mafua.

Jumanne, 29 Agosti

Balaa. Oglesby alitumwa kumwita Deshawn Purifoy, beki wetu bora, aje asaini mkataba mpya wa miaka minne. Habari njema, halafu aipeleke Oglesby? Nikapitia ngazi za nyuma, nikamtangulia. Nikabisha. Purifoy akafungua. Mdomo ukajiendea wenyewe: "Bosi anakuita. Njoo na daftari lako."

Alifunga begi, akaendesha moja kwa moja hadi kwa bibi yake Dayton. Simu kazima.

Bi. Tillman hakufoka. Alichukua ufunguo wa gari, akaniambia niingie. Zaidi ya saa mbili barabarani. Bibi alikuwa barazani, akasema waliomfukuza mjukuu wake hawana kiti hapo. Bi. Tillman akaketi kwenye ngazi.

"Bibi, mwaka wangu wa kwanza na mimi nilibisha mlango usio wenyewe," akasema. "Nilimfukuza nahodha. Alifika Cleveland ndipo nikampata. Huyu Wendell ni mjinga wangu, basi kosa ni langu."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Akaleta pai ya pichi. Purifoy akasaini kwenye meza ya jikoni, wino na sharubati vikigombania karatasi. Nampenda bosi yule kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumatano, 30 Agosti

Nafasi kapewa Oglesby. Sijali! Nimegundua siri. Bi. Tillman alikosea mlango mwaka wake wa kwanza wa kubisha hodi, nami nimekosea wangu. Nyayo kwa nyayo! Nimeongeza hatua hiyo kwenye friji.

Mzee Gus kapita sasa hivi kwa magongo yake. Anasema bosi ananiita kesho saa tatu asubuhi, niende na daftari langu. Kumbe amesikia habari za shajara hii! Gus alikuwa na machozi machoni, goti bado linamsumbua. Nimeifunika shajara kwa gazeti isichafuke, na shati nimelipiga pasi mara mbili.