Picha ya Mama Verdiana Katika Toleo Jipya

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Treni ya asubuhi imeniletea bahasha kutoka Kigoma, kwa Siméon. Ndani kuna CD moja, imeandikwa kwa kalamu nene: TOLEO JIPYA.

Siméon ni yule Mrundi aliyetufungia kompyuta hapa studio. Yeye ndiye aliyeweka programu ya kutengeneza picha, na yeye ndiye aliyeandika viongezo vyake, yaani vile vijiprogramu vidogo vinavyopachikwa ndani ya programu kubwa ili iweze kazi isiyoijua. Kimoja kinang'arisha uso. Kimoja kinafuta mikunjo ya karatasi. Na kipenzi changu kinaitwa Ziba. Picha ikiliwa na mchwa, Ziba kinachukua rangi za pembeni ya shimo na kuliziba, huwezi kujua. Vyote kaviandika kwa lugha ya Python. Mimi Python naijua. Naijua kwa kuitazama.

Kulikuwa na kikaratasi pia. Siméon anasema nisithubutu kuliweka toleo jipya mpaka aje mwenyewe mwezi wa kwanza, maana viongezo vya zamani havitakubali humo, lazima virekebishwe kimoja kimoja.

Nimeliweka saa ile ile. Mwezi wa kwanza ni mbali bwana.

Jua lilikuwa kali, betri za sola zimeshiba. Ule mstari wa bluu unaoonyesha kazi imefika wapi ukawa unasogea polepole kwenye kioo cha kompyuta, mimi nikaondoka nao. Mwili ulibaki kwenye kiti. Mimi nilikuwa Kapalamsenga, kando ya ziwa, mwalimu Verdiana ananikaangia samaki, migebuka, maji yametulia, nimevaa kofia. Sijui kwa nini kofia. Ilinipendeza lakini.

Shangazi Specioza, mwenye studio, akanigusa bega akauliza kwa nini mteja amesimama mlangoni muda wote huo na mimi nacheka na ukuta. Mteja alishaondoka. Nilimwona akivuka barabara kwenda kwa Silvesta, mpiga picha wa ng'ambo.

Nimejaribu viongezo. Vyote vimekufa.

Jumanne, 9 Novemba

Verdiana amekuja! Yeye mwenyewe, na baiskeli yake, kutoka Mwamkulu anakofundisha darasa la pili. Vumbi jekundu mpaka magotini. Nimempenda tangu Pasaka ya mwaka jana alipoimba peke yake kanisani, na tangu hapo tumeongea mara chache sana, nyingi kuhusu bei ya picha za pasipoti.

Leo kaleta picha ya marehemu mama yake. Ndiyo pekee waliyo nayo. Ilikuwa kwenye sanduku la mbao, mchwa wameingia, wamekula jicho la kushoto, shavu, na kipande cha mdomo. Jumamosi ni misa ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu mama afariki, na picha inatakiwa ikae kwenye meza ndogo mbele ya altare, katikati ya mishumaa. Ndugu watatoka mpaka ziwani. Alisema Silvesta amemwambia yeye anaweza kuipiga picha upya tu, na mashimo yake.

Silvesta! Mtu ambaye utaalamu wake wote ni pazia lililochorwa ziwa na ndege inatua juu ya maji.

Nikamwambia Verdiana itakuwa tayari. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia tuna toleo jipya. Akasema kwa upole kwamba yeye hahitaji toleo, anahitaji uso wa mama yake, kwa sababu siku hizi akifumba macho hauoni vizuri.

Nilitaka kumshika mkono. Nikamwandikia risiti.

Shangazi sijamwambia kwamba Ziba kimekufa. Ana presha.

Jumatano, 10 Novemba

Mawingu. Sola inalegalega, kompyuta inazimika kila ninapokaribia ukweli.

Nimefungua Ziba na kukisoma mstari kwa mstari. Kazi ya Python ni ya adabu sana. Kila mstari uanze mahali pake, ukisogeza nafasi moja tu kwenda kulia, inakataa yote. Niliinama mpaka shingo ikakaza. Nje mvua ikaanza kugonga bati, harufu ya udongo ikaingia, na ile mistari ikaanza kuonekana kama ngazi, nikapanda. Juu kulikuwa na nyumba. Yenye baraza. Verdiana anasahihisha madaftari, mimi natengeneza picha za mawaziri.

Shangazi akanirudisha duniani. Aliuliza kama nakula mchana au nakula kompyuta.

Baada ya ugali nimegundua siri. Toleo la zamani lilitaka kila amri itaje picha kwanza, kisha tabaka la picha hiyo, yaani utando mmojawapo unaoiunda. Toleo jipya linalalamika kwamba limepewa vitu vingi. Halitaki kutajiwa picha. Linataka tabaka peke yake! Siméon angehitaji wiki nzima kuliona hili. Mimi nimeliona nikiwa na tonge mdomoni.

Sasa nimepita Ziba chote na kufuta neno picha kila lilipo. Kila lilipo, bila huruma. Kidogo kidogo makosa yakapungua. Nguvu za kufanya kazi hii nazipata kwa Verdiana: ile picha ya kwaya niliyoipiga Pasaka nimeikuza mpaka uso wake umejaa kioo, na huwa naiacha wazi pembeni nikiwa kazini. Inanituliza.

Silvesta aliingia eti kuomba moto wa sigara. Alichungulia kioo, akaona Verdiana, akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi au ni ugonjwa. Nikamwambia arudi kwenye ndege yake.

Ijumaa, 12 Novemba

Ziba kimefufuka!

Jua limetoka asubuhi. Nikaifungua picha ya Mama Verdiana, nikazungushia lile jicho lililoliwa, nikabonyeza. Kimya. Halafu jicho likaja, taratibu, kama mtu anayeamka. Jicho zuri. Angavu. Nikazungushia shavu, likaja. Mdomo ukaja, na tabasamu ndani yake, wakati kwenye karatasi marehemu alikuwa amenuna kidogo.

Jicho la kulia sasa likaonekana limechoka ukilinganisha na lenzake. Nalo nikaliziba. Paji la uso pia, na masikio. Kila nikibonyeza mama anazidi kuwa kijana. Nikakaa nikitazama na moyo ukawa mwepesi. Nimestaajabu sana jinsi mama na binti wanavyofanana. Nilijua wanafanana, lakini siyo hivi.

Nimechapa kubwa, nimeweka fremu ya kioo, nimefunga kwa kitenge.

Verdiana alipita jioni kuichukua. Hapa nikatumia akili. Nikamwambia haioni mpaka kesho kanisani, nitaipeleka mwenyewe na kumkabidhi mtunza sakristia, maana nataka aione mara ya kwanza pale pale, na mishumaa imewaka. Alisita. Akasema angependa kuiona kwanza. Nikamwambia aniamini. Akaniamini. Hakuna neno tamu kama hilo, nimetembea nalo mpaka nyumbani nikapitiliza mlango.

Jumamosi, 13 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nilikaa benchi la mbele, shati jeupe. Kanisa limejaa. Mtunza sakristia akaweka picha mezani, akawasha mishumaa, akatoa kitenge. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mpunga. Nikajua wanauliza fundi ni nani. Nikanyoosha shingo ili nisiwape shida ya kunitafuta.

Verdiana hakuwepo ndani. Alikuwa nje nyuma na wanawake wa matoleo, wanapanga mchele na ndizi kwenye mabeseni.

Katikati ya misa akaingia shangazi yake, Bi. Generosa, ametoka Kapalamsenga, lori limemchelewesha, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akapiga goti. Akainua macho, akaona mishumaa miwili, na kati ya mishumaa uso wa Verdiana.

Alishika kichwa. Akaanza kulia kwa sauti, anauliza kwa nini hakuletewa habari, kwa nini mtoto amfuate mama yake hata mwaka haujaisha vizuri, na nani aliyemfunga mtoto sanda bila shangazi yake kuwepo. Wanawake wa upande ule wakaanza kulia naye. Wa nyuma, ambao hawakuona chochote, wakalia kwa sababu wa mbele wanalia. Mzee mmoja akavua koti. Sikuelewa. Niliangalia picha tena, na hapo ndipo nilipoitambua ile shanga ndogo kwenye sikio. Ni ya Pasaka. Marehemu hakuwa na shanga.

Padri alinyanyua mikono kuomba utulivu. Kwaya wakadhani ndiyo ishara yao. Wakaanza wimbo wa matoleo.

Mlango ukafunguliwa, na Verdiana akaingia akicheza, beseni la mchele kichwani.

Bi. Generosa alianguka chali. Wawili wengine walikimbilia mlango mdogo. Verdiana akasogea bado anatabasamu, anatafuta nini kimetokea, mpaka alipoiona meza. Uso wake mwenyewe, na mishumaa ya marehemu. Beseni likadondoka. Mchele ukasambaa mpaka chini ya altare, na kanisa zima likasikia mtu akisema ni uchuro. Mtu hai kuwekewa mishumaa! Baadaye nilisikia ndugu watamfanyia maombi kwa siku kadhaa kuuondoa.

Ndipo baba yake, Mzee Maximilian, akanyanyuka. Akaichukua fremu. Nilifumba macho, nikajua inakuja kichwani kwangu. Haikuja. Nilipofumbua, mzee ameishika kwa mikono miwili, karibu na macho yake. Akasema polepole kwamba mwaka ule alipomtoa mkewe Usevya, alikuwa hivi hivi. Akarudi kukaa, akaiweka magotini, na hakuiachia mpaka misa ilipoisha.

Jumapili, 14 Novemba

Nimesoma Ziba upya. Nimeelewa. Nilipofuta neno picha kila lilipo, nilifuta na pale lilipokuwa linakielekeza kichukue rangi kwenye picha ipi. Hakikujua. Kikachukua kwenye picha nyingine iliyokuwa wazi. Na iliyokuwa wazi ni Verdiana.

Kwa hiyo kiongezo hakina kosa lolote. Kimetii.

Mchana Verdiana alikuja. Shangazi Specioza alipomwona, aliingia chumba cha nyuma na kufunga mlango, kaniacha peke yangu. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alisema shangazi yake bado ana homa. Alisema wanafunzi wake aliokutana nao kanisani asubuhi wamemgusa mkono kuhakikisha yu hai. Nikaanza kumweleza habari za tabaka, akaniomba ninyamaze.

Akasema ule uso wa mama yake alikuwa ameshaanza kuusahau, nilijua hivyo, aliniambia mwenyewe hapa hapa. Na sasa akijaribu kuukumbuka anajiona yeye. Akasema nimemchukulia kidogo alichokuwa amebakiwa nacho. Baba yake ameitundika ile fremu ukutani na anaongea nayo, na yeye hawezi kumnyang'anya.

Alitaka picha ya zamani. Nikamtolea kwenye droo. Aliitazama, mashimo na yote, akaifuta kwa upindo wa kanga. Nikamwambia naweza kujaribu tena, jicho la kushoto nina uhakika nitalipata. Akasema jicho moja la mama yake linamtosha. Akaondoka na baiskeli.

Nimelia. Nakiri. Nililia mpaka nikasinzia juu ya kibodi, na herufi moja ikajaza kurasa nzima.

Jumanne, 16 Novemba

Siku mbili nimefikiri kwa utulivu. Mvua imesaidia.

Kwanza, haijawahi kutokea Verdiana akaongea na mimi muda mrefu kiasi kile. Alikaa mpaka chai ikapoa. Mtu hakai hivyo kwa mtu asiyemjali. Pili, baba mtu ameitundika kazi yangu ukutani. Kwa hiyo ukweni nimeshaingia, mimi nilikuwa sijatambua tu. Tatizo ni kwamba yule binti ana huzuni, anaona nyuma tu. Anahitaji aonyeshwe mbele.

Basi tangu asubuhi natengeneza picha ya harusi yetu. Yeye nimempa shela ya bibi harusi mmoja wa Ugalla, imemkaa vizuri ajabu. Mimi nimevaa suti ya bwana harusi wa mwaka juzi, kichwa ni changu. Ziba kimeunganisha shingo zote mbili, huwezi kujua. Nyuma yetu nimeweka kanisa, na Bi. Generosa nimemweka mstari wa mbele, amepona, anacheka.

Shangazi Specioza ameuliza kama Verdiana anajua. Nikamwambia hapana, itaharibu utamu. Nimechapa kubwa kuliko zote. Kesho kabla ya saa moja naiweka dirishani, aione akipita kwenda shule. Chini yake nimeandika tarehe ya harusi.